Wale ndugu zake Yesu mama yao nani? Jibu kwa dada aliyebishana na mchumba wake

Dada mmoja ameuliza, nafupisha maana swali lilikuwa refu. Yeye ni Mkatoliki, mchumba wake Mpentekoste, walikuwa wanaelewana vizuri tu mpaka siku jamaa alipomfungulia Marko 6:3 akamwambia soma mwenyewe: Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, tena na dada zao, sasa huyo "Bikira daima" mnayemtaja kwenye ile sala ya kuungama, Nakuungamia, anatoka wapi? Dada akajibu hao ni binamu, ndivyo alivyofundishwa kwenye mafundisho ya kipaimara, jamaa akacheka. Anataka kujua nani yuko sahihi, na kama kweli Yesu alikuwa na wadogo zake, kwa nini pale msalabani alimkabidhi mama yake kwa mtu baki. Mwisho anauliza kama hii ishu inaweza kuwakwamisha kufunga ndoa kanisani.

Dada yangu, nikupe msimamo wangu mapema ili usisome huku unanivizia. Biblia peke yake haimalizi huu ubishi. Majibu yako matatu, na hilo la binamu ulilofundishwa ndo naliona dhaifu kuliko yote. Ila mchumba wako naye asishangilie, maana kuna jibu la tatu ambalo nyie wawili hamjaligusa kabisa, na kati ya yote ndo lililoandikwa waziwazi mapema zaidi.

Kwanza kuna kitu wote wanakubaliana. Hao ndugu walikuwepo, hakuna kanisa linalosema ni hadithi. Mathayo 13:55 anawataja majina yaleyale, tofauti tu ni kwamba Yose kwake ni Yusufu, na dada zao hakuna aliyeandika majina. Paulo kwenye Wagalatia 1:19 anasema alipokwenda Yerusalemu alimwona Yakobo ndugu yake Bwana, yaani alikutana naye uso kwa uso. Hata nje ya Biblia, Josephus, mwanahistoria Myahudi ambaye hakuwa Mkristo, anasimulia kwamba mwaka 62 liwali Festo alikuwa amefariki na mrithi wake Albinus yuko bado njiani, basi kuhani mkuu Anano akatumia hiyo nafasi kumshtaki na kumuua kwa mawe Yakobo, na Josephus anamtambulisha kama ndugu wa Yesu aitwaye Kristo. Kwa hiyo swali ni moja tu, nani aliwazaa.

Haya majibu matatu wasomi huwa wanayaita kwa majina ya watu wa karne ya 4. La kwanza ni la Helvidius, ambaye karibu na mwaka 380 kule Roma aliandika kwamba hao ni watoto wa Yusufu na Maria, wadogo zake Yesu. Ndo jibu la mchumba wako. La pili ni la Jerome, huyu ndo Mtakatifu Yeronimo mwenye Biblia ya Kilatini, alimjibu Helvidius mwaka 383 kwa hasira kwelikweli, akasema hao ni binamu, watoto wa dada yake Maria. La tatu ni la Epiphanius, askofu wa Salamis kule Kupro, yeye alitetea kwamba ni watoto wa Yusufu kwa mke wa kwanza aliyefariki, yaani Yusufu alipomposa Maria alikuwa mjane mwenye watoto wake. Kitabu cha Helvidius kimepotea, tunachojua kuhusu yeye kinatoka kwenye jibu la Jerome aliyekuwa anamtukana, kwa hiyo tumesikiliza hii kesi kwa mdomo wa upande mmoja.

Sasa hizo hoja ambazo watu hurushiana, nyingi hazina nguvu wanayodhani. Chukua Mathayo 1:25, Yusufu "asimjue kamwe hata alipomzaa mwanawe". Watu wanasema si unaona, "hata alipomzaa", maana yake baadaye alimjua. Haya, nenda 2 Samweli 6:23, Mikali binti Sauli hakuwa na mtoto hata siku ya kufa kwake, utasema alizaa baada ya kufa? Kwa hiyo huo mstari unakwambia habari ya kabla, ya baada haukuahidi kukwambia. Lakini hapohapo niwe mkweli, mtu aliyeandika vile hakuonekana kuwa na wasiwasi wowote kwamba msomaji atadhani waliishi kama mume na mke baadaye, na mtu asiye na upande wowote akiusoma ataelekea huko. Unaelekeza kidogo, haufungi.

Halafu ile ya Luka 2:7, "kifungua mimba". Kwamba kama kuna wa kwanza lazima kuna wa pili. Hapana, hapa Jerome alikuwa na pointi nzuri sana: Torati inadai kifungua mimba akombolewe akiwa na umri wa mwezi mmoja, Hesabu 18:16, sasa mzazi angesubiri nini, mpaka apate wa pili ndo ajue kama huyu ni wa kwanza? Na kuna ushahidi wa jiwe. Kule Misri, Leontopolis, lilipatikana kaburi la mwanamke Myahudi anaitwa Arsinoe, la karibu mwaka 5 K.K., maandishi yake ya Kigiriki yanasema alikufa kwa uchungu wa kumzaa mtoto wake kifungua mimba, na neno ni lilelile la Luka. Huyo mama hakupata wa pili, amekufa akimzaa huyo. Kwa hiyo mchumba wako hii hoja aiweke pembeni.

Upande wenu nao kuna hoja inayochoka, ile ya kusema lugha yao haikuwa na neno la binamu, ndo maana Abrahamu anamwita Lutu ndugu kwenye Mwanzo 13:8 wakati ni mtoto wa kaka yake. Kwa Kiebrania na Kiaramu hiyo ni kweli. Shida ni kwamba Marko na Paulo wameandika Kigiriki, na Kigiriki binamu ana neno lake, anepsios, Paulo amelitumia kwenye Wakolosai 4:10 kwa Marko na Barnaba. Unaweza kujitetea kwamba walikuwa wanatafsiri jina la heshima lililozoeleka kwa Kiaramu, sawa, inawezekana, ila Paulo alikuwa anamjua Yakobo mwenyewe na neno la binamu alikuwa nalo, hakulitumia.

Ngoja nikae hapa kwa Jerome kidogo maana ndo jibu lako. Alichofanya ni kuunganisha watu. Marko 15:40 inasema pale msalabani alikuwepo Maria mama yao Yakobo mdogo na Yose. Yohana 19:25 inataja Maria wa Klopa, na dada wa mama yake Yesu. Jerome akasema hawa wote ni mtu mmoja, yaani dada yake Maria naye anaitwa Maria, ndo mama wa Yakobo na Yose, na huyo Yakobo ndo yule mtume Yakobo wa Alfayo, ndo Yakobo ndugu wa Bwana. Ukiisoma haraka inapendeza, na nikiri ile sehemu ya Yakobo na Yose kutokea pamoja mara mbili ndo karata nzuri kuliko zote alizonazo, hata katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 500 inaitegemea. Lakini majina hayo yalikuwa yamejaa kila mtaa kwa Wayahudi wa wakati ule, Simoni, Yusufu, Yuda, Yakobo, ni kama hakukuwa na mengine, kwa hiyo kukuta wawili wanafanana sio ajabu.

Na kuna ukuta ambao Jerome hauruki. Yohana 7:5 inasema hata ndugu zake hawakumwamini. Hiyo ni sura ya 7, wakati sura ya 6 tayari Thenashara, yaani wale mitume kumi na wawili, wameshachaguliwa na Petro ameshasema twende kwa nani. Sasa Yakobo atakuwaje mtume na hapohapo ni ndugu asiyeamini? Matendo 1:13-14 nako mitume kumi na mmoja wanatajwa majina, kisha ndio wanatajwa Maria na ndugu zake kama kundi jingine. Paulo 1 Wakorintho 9:5 vilevile, mitume wengine, na ndugu wa Bwana, na Kefa (ndo Petro), tena anasema wana wake zao wanasafiri nao. Kingine, dada wawili wa tumbo moja wote wameitwa Maria? Na zaidi ya yote Jerome hakutaja mwandishi hata mmoja kabla yake aliyesema ni binamu, na alikuwa mtu wa kutaja waandishi kweli, angekuwa naye angemtaja.

Halafu kuna shahidi ambaye naona watu wengi wanampita tu, Hegesippus. Huyu aliandika karne ya 2, vitabu vyake vimepotea lakini Eusebius, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 4, amenukuu vipande. Anasema Yakobo ndugu wa Bwana alipouawa, aliyechaguliwa kuongoza kanisa la Yerusalemu baada yake ni Simeoni mtoto wa Klopa, na walimchagua kwa sababu alikuwa binamu wa Bwana, maana Klopa alikuwa ndugu yake Yusufu. Umeona hapo? Mtu mmoja, habari moja, Yakobo ni ndugu na Simeoni ni binamu. Angekuwa anajua kwamba wote ni binamu asingewatenganisha.

Huyohuyo Hegesippus ndo ana ile stori ya wajukuu wa Yuda, mmoja wa wale wanne. Kaisari Domitian, aliyetawala 81 hadi 96, alisikia kuna ukoo wa Daudi akaogopa wapinzani, wakaletwa mbele yake. Akawauliza mna mali gani, wakasema wote wawili wana denari 9000 tu, tena sio pesa taslimu, ni thamani ya shamba la plethra 39 (kipimo cha ardhi cha Kigiriki) wanalolima wenyewe na kulipia kodi. Wakamwonyesha viganja vilivyoota sugu kwa jembe. Akawaona watu wa hali ya chini, akawaachia. Hegesippus anamwita babu yao Yuda kuwa ndugu wa Bwana kwa jinsi ya mwili, ila ameongeza kwamba ndivyo alivyosemekana, kwa hiyo watu wa Helvidius wanashika "mwili" na wa Epiphanius wanashika "alivyosemekana", na hakuna anayemshinda mwenzake. Mimi naipenda kwa sababu nyingine, tunabishana kuhusu hawa watu karne na karne na wachache sana wanakumbuka kwamba walikuwa wakulima wa kawaida wenye kodi za kulipa.

Sasa jibu la tatu, la Yusufu mjane. Hili linaonekana kwenye kile kitabu kinachoitwa Injili ya Yakobo, cha karne ya 2, hakimo kwenye Biblia ya kanisa lolote kubwa, ndani yake Yusufu anakataa kumchukua Maria anasema mimi mzee na nina watoto, watu watanicheka. Origen, mwanateolojia wa karne ya 3, anataja kitabu hicho na kusema wapo wanaoamini hivyo, na yeye mwenyewe anaegemea huko. Wakristo wa Misri wana simulizi yao ya Yusufu seremala inayowapa hata wale dada majina, Asia na Lidia, na inasema Yusufu alikufa na miaka 111. Simulizi hizi kama historia mimi sizipi uzito sana, kile kitabu cha Yakobo kimekosea mpaka desturi za hekaluni, na Jerome mwenyewe aliviita vitabu hivyo upuuzi. Lakini uzee wa imani yenyewe ni jambo jingine, maana kuanzia karne ya 2 kuna Wakristo waliokuwa wanaielewa hivyo, na makanisa ya Kiorthodoksi mpaka leo ndo msimamo wao. Kwao Yakobo ni kaka wa kambo, mtoto wa Yusufu, na wanamkumbuka tarehe 23 Oktoba.

Faida ya jibu hili ni kwamba neno ndugu linabaki na uzito wake wa kawaida, Yesu alihesabika mtoto wa Yusufu kwa hiyo watoto wa Yusufu ni ndugu zake, wanaishi nyumba moja, ndo maana mara nyingi wanapotajwa wako na Maria. Pia lile tukio la Marko 3:21, jamaa zake wanataka kumkamata wakisema amerukwa na akili, na ile Yohana 7 wanavyomwambia ondoka hapa nenda Uyahudi, zinasikika kabisa kama kaka wakubwa wanamwelekeza mdogo wao. Udhaifu wake? Kwenye safari ya Misri na ile ya Yesu akiwa na miaka kumi na miwili hekaluni hao kaka hawaonekani popote. Ingawa ukimya sio ushahidi mkubwa, maana hata kwa jibu la Helvidius, Yesu wa miaka kumi na miwili angeshakuwa na wadogo na hawatajwi.

Na mchumba wako ana nani wa zamani upande wake? Ana Tertullian, mwandishi wa Kartago karibu mwaka 200, ambaye anaonekana wazi kuamini Maria alikuwa na watoto wengine. Helvidius alimtaja, na Jerome alichojibu ni kwamba huyo hakuwa mtu wa kanisa, basi. Hilo sio jibu la hoja, ni kumkwepa shahidi. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie kwamba wazo la watoto wa Maria limeletwa na walokole juzi.

Ila na yeye asikwambie kwamba Bikira daima ni kitu cha Wakatoliki peke yao. Hata viongozi wa mwanzo wa Uprotestanti walikuwa nalo: Luther aliamini hivyo mpaka mwisho, Zwingli pia, na Calvin aliposoma hoja za Helvidius alisema ni za mtu asiyejua na akakataa kwamba maandiko yanathibitisha Maria kuwa na watoto wengine. John Wesley, baba wa Wamethodisti, mwaka 1749 aliandika barua kwa Mkatoliki akasema anaamini Maria alibaki bikira kabla na baada ya kumzaa Yesu. Waprotestanti walihama polepole baadaye, leo wengi wao, Wapentekoste wakiwemo, wako na Helvidius, na Mashahidi wa Yehova nao vilevile. Wasabato ndo wanashangaza watu hapa, maana Ellen White, mmoja wa waanzilishi wao, aliandika kwamba hao ndugu ni wana wa Yusufu waliokuwa wakubwa kuliko Yesu, yaani kwenye hili wanakaa karibu na Waorthodoksi kuliko na majirani zao Waprotestanti.

Kwa wasomi wa siku hizi ramani imevurugika zaidi. John P. Meier, padre Mkatoliki wa Marekani, mwaka 1991 aliandika kwamba kwa historia tupu, ukiweka imani pembeni, inayoelekea kuwa sahihi zaidi ni kwamba walikuwa ndugu wa kweli. Aliyemjibu mwaka 1994 kutetea uwezekano wa jibu la Epiphanius ni Mwanglikana, Richard Bauckham, na hoja yake nzuri iko palepale Marko 6:3. Anauliza kwa nini watu wa Nazareti wanamwita Yesu "mwana wa Mariamu" na sio wa Yusufu kama ilivyo kawaida, labda kijijini walizoea kumtofautisha kwa mama kwa sababu Yusufu alikuwa na watoto wa mke mwingine. Mstari uleule aliokufungulia mchumba wako. Mimi nikilazimishwa nasema vita vya kweli ni kati ya Helvidius na Epiphanius, kwa maandiko matupu Helvidius yuko mbele kwa hatua ndogo, na hatua hiyo sio kubwa kiasi cha kumcheka mtu.

Pale msalabani sasa. Yohana 19:26-27, Yesu anamkabidhi mama yake kwa yule mwanafunzi aliyempenda, ambaye kwa mapokeo ni Yohana. Wakatoliki na Waorthodoksi wanasema angekuwa na watoto wengine wa tumbo lake hilo lingekuwa tusi kwao, na kusema kweli hii ni hoja yenye uzito, ndo inayonifanya nisiende kwa Helvidius moja kwa moja. Jibu la upande wa pili ni kwamba ndugu walikuwa hawamwamini na msalabani hawatajwi kuwepo, mwanafunzi alikuwepo. Ila wiki chache baadaye hao ndugu wako ghorofani wanasali pamoja na mama, na Paulo anasema Yesu alimtokea Yakobo baada ya kufufuka, 1 Wakorintho 15:7. Kwa hiyo kutoamini kwao kulikuwa kwa muda mfupi. Na huyo "mtu baki" wengine wanasema hakuwa baki, kwa kulinganisha orodha za wanawake msalabani wanahisi mama yake Yohana alikuwa dada yake Maria, lakini hiyo ni dhana tu.

Kwako wewe kama Mkatoliki, kinachokufunga ni Bikira daima, jina ambalo Mtaguso wa Konstantinopoli wa 553 ulilitumia na sinodi ya Laterano ya 649 ikalikazia. Kanisa halijawahi kutangaza kwamba ni lazima uamini hao ndugu ni binamu. Ukiona hoja za Jerome zinavuja kama ninavyoziona mimi, unaweza kwenda kwa Epiphanius na Ukatoliki wako ukabaki salama kabisa. Na huo ubikira, elewa, kanisa lako halijaujenga juu ya Marko 6, limeupokea kwenye mapokeo, wakati kanisa la mchumba wako mapokeo ya aina hiyo haliyapi mamlaka. Hapo ndipo mnapotofautiana kwa kweli, na mkiendelea kurushiana mistari mtarudi palepale.

Kuhusu ndoa, hakuna padre atakayemhoji jamaa kuhusu Yakobo na Yose. Ndoa ya Mkatoliki na Mkristo aliyebatizwa wa kanisa lingine inahitaji ruhusa ya askofu, sheria ya kanisa namba 1124, na namba 1125 wewe ndo unaahidi kwamba utafanya kadiri ya uwezo wako watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, yeye anajulishwa tu hiyo ahadi yako. Kitu cha kuangalia mapema ni ubatizo wake, maana makanisa mengine ya Kipentekoste yanabatiza kwa jina la Yesu tu, na ubatizo huo Kanisa Katoliki halihesabu kama ule wa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, hapo mtahitaji kibali kizito zaidi cha kuoana na asiyebatizwa. Kwa hiyo muulize alibatizwa kwa maneno gani, na aanze kutafuta cheti chake sasa hivi, maana kanisa lisilo na rejista nzuri linaweza kuwachelewesha kuliko Helvidius na Jerome wakiwekwa pamoja.